Kamba ya Njano

Wifi yangu hajui kuogelea. Naanza na hilo kwa sababu watu hawaliamini. Mwanamke aliyehangaika mpaka pango la maji likafunguliwa tena, ambaye wapiga mbizi wote wanamwita Mama Hewa na kumwamkia kwa heshima, hajawahi kuingia majini kupita magoti. Beseni la kuogea ndilo bahari yake. Akifika karibu na lile dimbwi la bluu kwenye mdomo wa pango anasogea nyuma kidogo, kisha anajifanya kuna kitu alikuwa anakitafuta.

Alikulia kwenye kibanda cha pancha. Baba yake alikuwa akiziba matairi kando ya barabara kuu, na binti alijua kuwasha kompresa kabla hajajua kujisuka nywele. Kaka yangu alimkuta pale. Alikwenda mbiombio na mtungi wake wa kuzamia, akataka ajaziwe hewa upesi awahi wageni. Msichana akamtazama kuanzia utosini mpaka kwenye kandambili.

"Hii ni hewa ya matairi," akamwambia. "Tairi halina mapafu. Wewe unayo."

"Nijazie kidogo tu, dada."

"Nikujazie kidogo ili ufe kidogo?"

Kaka alirudi nyumbani anacheka peke yake, mama akamwuliza kama kuna mdudu amemng'ata. Haikuchukua muda mrefu wakaoana. Mimi nilikuwa nimerudi kwa mama baada ya ndoa yangu kunishinda, kwa hiyo sikuwa na moyo wa kushangilia ndoa ya mtu. Nilimwona wifi ana ulimi mkali na mikono inayonuka grisi. Baadaye niligundua ulimi wangu ni mkali zaidi, tukaelewana.

Walinunua kompresa ya kweli, ile ya kujazia hewa ya kupumua, wakaiweka kwenye kibanda cha matofali juu kidogo ya mdomo wa pango. Kaka akawa anawaongoza wageni chini, mkewe anajaza hewa juu. Nilipenda kumtazama akifanya kazi. Ananawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, anabadilisha machujio, anatumbukiza mitungi kwenye karo la maji ili isipate joto, anaunganisha mpira, kisha anakaa kimya akisikiliza mashine. Mtungi ukijaa anafungua vali kidogo, anaweka pua. Hewa nzuri hainuki chochote. Akihisi hata harufu ndogo ya mafuta, anaimwaga yote na kuanza upya, wageni wakipiga piga miguu na kutazama saa zao.

"Wanune tu," alikuwa akisema. "Bora wanune wakiwa hai."

Kwa wasiojua mambo haya, nieleze. Ndani ya pango la maji huwezi kuibuka tu ukaliona jua. Juu ya kichwa ni mwamba. Unatokea kule kule ulikoingilia, na ili upajue unafunga kamba mlangoni, unaiachia nyuma yako unavyokwenda, kisha unarudi ukiifuata. Chini kuna tope laini ajabu. Ukipiga mguu vibaya linafumka, maji yanakuwa kama chai ya maziwa. Hapo macho hayana kazi tena. Kinachobaki ni kamba na vidole.

Pango letu lina kumbi mbili kubwa. Ukumbi wa kwanza hata mwenye hofu anaingia na kutoka. Wa pili unahitaji mtu mzoefu. Baada ya hapo mwamba unapasuka pasuka, vijia vyembamba vinakwenda kila upande, na kaka aliwakataza wageni wote kufika huko. Kwa ajili ya dharura tu alikuwa na kamba yake mwenyewe, ya njano, aliyoizungusha kwenye gurudumu dogo la mkononi. Mafundo ya kamba ile aliyafunga wifi. Jioni waliitandaza sebuleni, kutoka nondo ya dirisha mpaka mlango wa jikoni, wifi akipima kwa mikono na kufunga fundo, anapima tena, anafunga, ili mtu akipapasa gizani ajue amefika wapi. Alikuwa na namna yake: anazungusha mara mbili na kuificha ncha ndani, halafu anakaza kwa meno. Mama alikuwa hawezi kupita kwenda chooni.

"Mnataka kunifunga kama mbuzi ndani ya nyumba yangu mwenyewe?" alikuwa akifoka, na sisi tunacheka, naye anacheka huku anaruka kamba kwa miguu yake miwili mizima.

Siku kaka alipokufa wageni wawili walivuka ukumbi wa pili wakati yeye akimsaidia mwenzao kurekebisha barakoa. Walitaka kuchungulia tu. Mmoja akapiga mguu, tope likafumka, wakapoteza kamba kuu. Kaka aliingia kuwafuata, akafunga kamba yake ya njano kwenye kamba kuu na kwenda nayo. Wale wawili, wakipapasa ukutani, wakaigusa kamba hiyo, wakaifuata, wakatoka salama. Yeye alikuwa mbele zaidi na hakujua. Aliendelea kuwatafuta watu waliokwisha kutoka, mpaka hewa aliyojaziwa na mkewe ikamwishia.

Waokoaji walikuja. Walifika ukumbi wa pili, wakakuta maji ni uji mtupu, wakarudi. Wakajaribu tena, wakarudi tena. Halafu wakuu wakalifunga pango: geti la nondo, mnyororo, kufuli, na bango kubwa lenye maandishi mekundu. Kaka yangu wakamfungia ndani. Sina namna nyingine ya kulisema jambo hilo.

Mama aliugua mwaka huo huo. Upande mmoja wa mwili ukapooza, akawa wa kitandani. Maneno yalimrudia polepole, na yaliporudi, alilokuwa akilisema lilikuwa moja.

"Nileteeni mwanangu nimzike. Hata kama ni mfupa mmoja. Nikishamzika mimi nami nitakwenda kwa amani."

Hakuwa akilia akisema hivyo. Alikuwa akisema kama mtu anayeagiza maji ya kunywa. Na wifi alikuwa akimjibu, kila mara, "Nitamleta, mama."

Hapo angeweza kuondoka. Alikuwa bado kijana, hawakujaliwa mtoto, hakuna aliyemshika. Majirani walimwambia atafute maisha yake, na wengine walimletea hadi majina ya wachumba. Aliwajibu kwamba mume wake hajarudi kutoka kazini. Walidhani ni utani. Alimwogesha mama, alimgeuza kitandani, alimlisha, na kila Jumamosi aliiwasha ile kompresa, ambayo tulikuwa tumeihamishia sebuleni na kuifunika shuka, ili isije ikaganda. Nyumba nzima ilitetemeka. Jirani wa upande wa pili aligonga ukuta mpaka akachoka, akazoea.

Kuna kikundi cha wapiga mbizi ambao kazi yao ni kutoa miili mapangoni, na wanaifanya kwa kujitolea. Wifi aliwapata kwa simu. Mkubwa wao, mama mmoja mwenye sauti ya mkwaruzo, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kamba yake bado iko mle ndani?" akauliza.

"Iko. Hakuna aliyeigusa."

"Basi tutamfikia. Anayefuata kamba anafika. Lakini siwezi kuvunja kufuli la serikali. Pango likifunguliwa kihalali, tupigie."

Wifi akafunga kibwebwe. Alizunguka kwenye ofisi mpaka walinzi wakamjua. Huku njoo kesho, kule bosi hayupo. Mwisho akaambiwa kwamba hakuna ruhusa ya kuingia mahali palipofungwa, hata kwa ajili ya maiti, ila pango lenyewe linaweza kufunguliwa kama watu watajitokeza kulitengeneza na kutimiza masharti ya usalama. Nafikiri walisema hivyo ili awaache wapumue. Hawakumjua.

Alianza na kinyozi. Kinyozi alikuwa rafiki wa kaka, walijifunza kupiga mbizi pamoja, na baada ya msiba hakulowesha tena hata unyayo. Wifi alimfuata kwenye kibanda chake, akakaa kwenye kiti cha wateja, akakataa kuondoka.

"Shemeji, nina wateja wanasubiri."

"Nami nasubiri."

Akakubali. Kinyozi akamleta mwalimu mmoja mstaafu wa michezo, ambaye tulimfanya mwenyekiti kwa sababu alipenda kusimama mbele na kwa sababu filimbi yake ilikuwa bado inalia. Akaja muuguzi, akaja fundi mwashi, wakaja na wengine. Kila Jumapili walikuwa pale. Walifyeka majani, wakazoa chupa na mifuko iliyotupwa pangoni, wakatengeneza ngazi upya na kuziwekea vishikio. Muuguzi aliwafundisha kumpulizia mtu pumzi na kumbana kifua, wakigaragazana kwenye nyasi na kucheka. Sanduku la oksijeni likapatikana, machela ikapatikana. Kompresa ikarudi kwenye kibanda cha matofali. Siku iliponguruma mle ndani kwa mara ya kwanza, nilimwona wifi ameiwekea kiganja, amefumba macho. Nikajiruhusu kuamini. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba hata mimi, mwanamke nisiyeamini hata utabiri wa mvua, niliamini.

Mkaguzi wa usalama alikuwa kijana mpole mwenye viatu visivyofaa kwa matope. Alikagua ngazi, akatikisa vishikio, akaridhika. Mwisho akasimama karibu na maji.

"Sasa kamba," alisema. "Za zamani zote zitoke. Kamba nyingi ni mtego. Mgeni anafuata hii, anaishia ukutani. Nataka kamba kuu moja mpya, yenye mishale inayoonyesha njia ya kutoka, basi."

"Zote?" wifi akauliza.

"Zote, dada."

"Moja ni ya mume wangu."

Yule kijana akajikuna shingo. Alikuwa anaijua habari, kila mtu anaijua.

"Hiyo iacheni," akasema. "Ikae mpaka wale wa kutoa miili wamalize kazi yao. Wewe waambie watu wako ni ipi."

Wifi akawageukia.

"Ni ya njano," akasema. "Mkiiona kamba ya njano msiiguse."

"Ya njano," wakaitikia wote.

Nami nilikuwepo, nami niliitikia. Njano ni njano, nani angeikosea? Nyumbani tuliiita hivyo miaka yote: ile ya njano. Mama aliiita hivyo alipofoka. Sote tuliijua kamba ile ikiwa imetandazwa sebuleni, jua la dirishani likiipiga.

Jumapili iliyofuata kinyozi na mwenyekiti wakaingia. Wifi aliwajazia mitungi kwa mkono wake, akainusa kila mmoja mara mbili. Walizama na kutoka, wakabadilisha mitungi, wakazama tena, na kila walipotoka walivuta mafurushi ya kamba yaliyojaa tope, wakayatupa kwenye turubai. Mwishowe kinyozi akavua barakoa, uso una alama nyekundu.

"Tayari, shemeji. Tumesafisha mpaka mwisho wa ukumbi wa pili. Kamba mpya iko mahali pake, mishale yote inatazama nje."

"Na ya njano?"

"Hatukuiona. Lazima imeanzia ndani zaidi."

Wifi alifurahi. Kwake ilimaanisha ipo, haijaguswa. Tulipokuwa tunarudi alinipiga kikumbo cha utani njiani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba. Mafurushi ya kamba tuliyabeba nyumbani, kwa sababu yeye hawezi kutupa kamba, na mwashi alikuwa ameziomba za kufungia majukwaa yake.

Alizifua uani asubuhi iliyofuata. Mimi nilikuwa naanika nguo. Ya kwanza alipoisuuza ikatoka nyeupe. Ya pili nyeupe. Ya tatu aliitumbukiza kwenye beseni, akaanza kuivuta kati ya vidole, na vidole vikasimama. Nilimwona. Macho yake yalikuwa yananitazama mimi, alikuwa katikati ya kunieleza jambo fulani, na sentensi ikakatika. Akavuta kidogo, mkono ukasimama tena. Akavuta, ukasimama.

"Wifi," akaniita. "Hebu nimwagie maji hapa."

Nikachukua ndoo nikamwaga. Tope likateleza, rangi ikaanza kuonekana, kwanza kama ya meno mabovu, halafu njano yenyewe. Fundo limezungushwa mara mbili, ncha imefichwa ndani.

Nikadhani atapiga ukelele. Hakupiga. Alikaa chini kwenye simenti iliyolowa na kuendelea kufua, fundo baada ya fundo, mpaka ncha ya mwisho. Ilikuwa imekatwa kwa kisu, safi kabisa. Akaishika mkononi na kuinuka, na gauni lake likitiririka maji tukaenda kwa kinyozi.

Kinyozi alikuwa na mteja, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Alipoiona ile kamba kwenye kioo mashine ikabaki inanguruma hewani.

"Hapana," alisema. "Hapana, shemeji. Ile ilikuwa ya kijivu."

"Ni hii."

"Kule chini hakuna njano! Kila kitu ni rangi ya tope. Na lilishafumka, tulikuwa tunapapasa tu. Nikigusa kamba isiyo ile mpya, natoa."

"Hukusikia mafundo?"

"Nilisikia. Lakini kamba za zamani zote zina mafundo. Ungeniambia ni mafundo ya namna gani, shemeji, ungenionyesha hata kwa..." Akaishia hapo. Mashine akaizima.

"Hii ncha ulikata wewe?"

"Mimi. Niliivuta ikagoma. Nikavuta tena, ikagoma. Nikajua imenasa kwenye mwamba. Nikakata."

Yule mteja alijitazama kwenye kioo na nusu yake ya nywele, hajui aangalie wapi.

"Ilikuwa inatokea upande gani?" wifi akauliza. "Kijia kipi?"

"Sijui. Haki ya Mungu sijui. Sikuwa naona hata mkono wangu." Kinyozi alianza kulia, mtu mzima, kitambaa cha wateja kimeanguka miguuni.

"Mmalizie mteja wako," wifi akamwambia, tukatoka.

Njiani alisema jambo moja tu. "Mimi ndiye niliyeyafunga mafundo yale, wifi. Kwa mikono na meno yangu. Halafu nikawatajia rangi." Nilitaka kumwambia si kosa lake, na ulimi ukanigomea. Nilikuwa na hasira inayotafuta mtu wa kumshukia, na wa karibu alikuwa yeye. Basi tukaenda kimya mpaka nyumbani, na mama chumbani akauliza mbona tumetoka bila kuaga.

Kinyozi alirudi pangoni mara nyingi kuliko alivyoruhusiwa. Kipande kilichobaki, kama kilibaki, kilikuwa kimevutikia ndani kilipokatwa. Alipapasa kwenye kila ufa aliofikia. Alitoka mara zote mikono mitupu, akakaa kwenye ngazi na viatu vyake vya kuogelea miguuni, mpaka mwenyekiti akamkataza kuingia tena.

Wale wa kutoa miili walikuja hata hivyo, walikuwa wameahidi. Yule mama mwenye sauti ya mkwaruzo aliingia mwenyewe na mwenzake mmoja. Alipotoka alikwenda moja kwa moja kibandani, maji yakimchuruzika.

"Vijia ni vingi, na vyembamba," alisema. "Kwa kamba ningeingia hata sasa hivi. Bila kamba ni kubahatisha, na mimi siwezi kubahatisha roho za watu wangu. Nisamehe, mwanangu."

"Hewa ilikuwa nzuri?" wifi akauliza.

"Nzuri sana. Haina harufu yoyote."

"Haya."

Wakapakia vyombo vyao wakaondoka. Mkaguzi aliposikia yaliyotokea aliongeza sharti la mwisho: mwisho wa ukumbi wa pili pawekwe nondo, zisimikwe kwenye mwamba, mtu asipite tena. Alilieleza taratibu, akiangalia viatu vyake. Hakuwa mtu mbaya, ndiyo maana nilishindwa hata kumtukana. Na mwenyekiti alisema kweli, wasipoziweka hawatapewa kibali, na watu wamejitolea jasho lao la siku nyingi. Nondo zikawekwa. Kwa hiyo kaka yangu alifungiwa mara ya pili, safari hii na rafiki zake.

Pango likafunguliwa. Ulikuwepo utepe, zilikuwepo hotuba. Mwenyekiti alisema tumetimiza masharti yote, akamtaja Mama Hewa, watu wakasimama kumpigia makofi. Alikuwa kibandani anabadilisha machujio, hakutoka. Mgeni mmoja kijana, mchangamfu, alipokuja kuchukua mtungi wake alimwuliza kule nyuma ya nondo kuna nini.

"Mume wangu," wifi akasema.

Kijana akacheka. "Ndoa kweli ina mambo," akasema, akajitwika mtungi na kwenda zake. Nilitaka kumfuata nimwangushe nao. Wifi alinishika kiwiko, akanipa mtungi mwingine niutumbukize kwenye karo.

Mama hatukuwa tumemwambia. Siku hizo zote nilimpaka mafuta kwa maneno: bado kidogo, wanaendelea, wataalamu wako njiani. Lakini siku ya ufunguzi kuna jirani alipita dirishani na kumpa hongera, kwamba pango limefunguliwa, na juhudi za mkwe wake zimezaa matunda. Tuliporudi jioni tulimkuta amekaa. Sijui alijikalishaje na nusu ya mwili. Alikuwa amemwomba yule jirani amvalishe gauni lake zuri na kilemba.

"Yuko wapi?" akauliza. Alikuwa anatazama mlango nyuma yetu.

Nilimvuta wifi pembeni, koridoni. Nikamwambia kwa kunong'ona, mwambie pango limeporomoka, mwambie maji yamemchukua, mwambie lolote, na hasa lile la kinyozi kuvuta usilitaje. Nakuomba, wifi. Usilitaje lile.

Yeye si mtu wa uongo. Mtu anayemwaga mtungi mzima kwa harufu ndogo tu, ungetegemea nini? Alipiga magoti kando ya kitanda akamweleza mama yote, kuanzia mkaguzi mpaka nondo. Alisema ni yeye aliyetaja rangi. Alisema kinyozi alivuta, ikagoma, akavuta tena, ikagoma, akakata.

Mama alisikiliza bila kupepesa. Mkono wake mzima ulikuwa juu ya shuka, na niliuona unakunja vidole polepole mpaka ukawa ngumi.

"Kwa hiyo alikuwa ameishika," alisema.

"Mama, ni mwamba," nikaingilia. "Kamba zinanasa kwenye mwamba, kila mtu..."

"Wewe nyamaza." Alikuwa anamtazama wifi. "Miaka yote hii mwanangu alikuwa ameishika ile kamba akisubiri. Akaja mtu akaivuta. Na nyinyi mkaikata."

"Nivueni hizi nguo," mama akasema.

Tulimvua. Tulimlaza. Akageukia ukutani, na tangu hapo hajazungumza na mkwe wake. Mimi ananijibu, ndiyo na hapana. Wifi akiingia anafumba macho. Nimemwambia wifi aende, hapa hakuna tena anachosubiri, mimi nitamtunza mama yangu mwenyewe. Haendi. Asubuhi anamwogesha, anamgeuza, anamlisha uji kijiko kwa kijiko, mama akimeza macho yamefumbwa. Halafu anaosha kikombe na kwenda kujaza hewa.